Anza na Rosti

Leo nazungumza na mtu ambaye hajui kupika na anataka kujua. Namfikiria kijana aliyepanga chumba chake cha kwanza kule Kimara au Mbagala, anayetoka kazini saa kumi na moja na kufika nyumbani giza limeshaingia. Ana mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, sufuria mbili, kisu kimoja na mwiko. Kila jioni anapita kwa muuza chipsi, anafungiwa chipsi mayai, anakula, analala. Namfikiria pia mwanafunzi wa chuo aliyetoka hosteli, na baba wa miaka hamsini na kitu aliyepikiwa maisha yake yote, ambaye sasa mkewe ni mgonjwa na yeye ndiye anayetakiwa kusimama jikoni. Wote hawa wana swali moja: leo usiku nipike nini, na nianzie wapi?

Mara nyingi majibu wanayopewa hayawasaidii. Mtu akisema anataka kujifunza kupika, tunamfundisha pilau. Pilau ni chakula cha heshima na siku yake ipo, lakini ina viungo vingi, inataka nyama iliyochemshwa vizuri, na inataka mtu aliyetulia. Mtu aliyeshuka kwenye daladala saa mbili kasorobo, ana njaa na kesho anaamka alfajiri, anahitaji chakula kitakachoiva ndani ya dakika arobaini kwa vitu vinavyopatikana kwenye genge la mtaani kwake. Akijaribu pilau wiki ya kwanza ikamwendea vibaya, anaamini kwamba yeye na jiko hawapatani, na anaacha. Nimeona vijana wengi wakiacha kwa njia hiyo, na inaniuma, kwa sababu walikuwa na uwezo.

Ushauri wangu ni huu: usianze kwa kukusanya mapishi. Jifunze kitu kimoja, rosti ya kitunguu na nyanya, ukijue mpaka mkono wako uzoee. Ukishaijua hiyo, umejua mayai ya rosti, mchicha wa kuunga, dagaa, choroko, maharage, tambi, na siku ukiwa na fedha, nyama na kuku. Vyote hivyo vinasimama juu ya msingi mmoja.

Kwa hiyo niruhusu nikae kidogo kwenye rosti.

Inaanzia gengeni. Jioni moja nilikuwa nimesimama nyuma ya kijana fulani aliyekuwa akinunua nyanya, nikayasikia mazungumzo yake na mama mwenye genge.

"Shikamoo mama. Naomba nyanya za mia tano."

"Marahaba, mwanangu. Za kachumbari au za kupika?"

"Za kupika."

"Basi ziache hizo ngumu, zitakusumbua. Chukua hizi zilizoiva sana, hata zikiwa zimebonyea kidogo. Na kitunguu unacho?"

Yule mama alimfundisha zaidi ya vipindi vingi. Nyanya ngumu yenye rangi ya kijani kwenye kikonyo ina maji na uchachu, na haipondeki upesi. Ile iliyoiva mpaka inalegea, ambayo wengi wanaikwepa, ndiyo inayotoa mchuzi mzito. Kwa mtu mmoja au wawili, nyanya nne za namna hiyo na vitunguu maji viwili vya wastani vinatosha.

Katakata vitunguu vyembamba, na vipande vilingane unene, maana kipande kinene kinabaki kibichi wakati kile chembamba kimeshaungua. Weka mafuta vijiko vitatu vya chakula, ya alizeti au yoyote uliyonayo, juu ya moto wa wastani. Tupia kipande kimoja cha kitunguu. Kikilia mara moja, mafuta yamepata moto. Weka vyote, na unyunyizie chumvi kidogo. Ile chumvi inavuta maji ya kitunguu, kinalainika upesi na hakishiki chini. Kitalegea, kitang'aa, kisha kingo zake zitaanza kugeuka rangi ya kahawia. Hiyo ni kazi ya dakika sita mpaka nane, na hakuna njia ya mkato. Ukiongeza moto ili uwahi, kitaungua nje na ndani kitabaki na ukali wake.

Kama una saumu na tangawizi, vitwange na uviweke sasa, baada ya kitunguu, kwa sababu saumu huungua haraka na ikiungua inatia uchungu sufuria nzima. Kama una bizari, nusu kijiko cha chai kinatosha, na ikaangike kidogo ndani ya mafuta kabla ya nyanya kuingia. Ikiwa huna hata kimoja kati ya hivyo, endelea tu. Rosti itakuwa rosti.

Nyanya unaweza kuzikata ndogo ndogo, lakini kwa anayejifunza ni rahisi zaidi kuzikwaruza. Ikate nyanya katikati, sugua upande wa nyama kwenye kikwaruzo, na ganda litabaki mkononi. Mimina, funika, punguza moto. Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo sikiliza vizuri. Mwanzoni nyanya zitachemka na kutoa maji mengi, na mvuke wake utakuwa na harufu ya ubichi. Baada ya dakika kama nane, funua na uanze kukoroga. Maji yatapungua, rangi itakolea, na ile sauti ya kuchemka itageuka kuwa sauti ya kukaanga. Kisha utaona mafuta yanajitenga na kujikusanya pembeni mwa sufuria, yamechukua rangi ya nyanya. Ukiona hivyo, rosti imeiva. Ikianza kushika chini kabla ya hapo, ongeza kijiko cha maji, usiongeze mafuta.

Wengi wanaolalamika kwamba chakula chao hakina ladha wanakosea hatua hii moja. Wanaweka mboga wakati nyanya bado zinachemka, mchuzi unabaki mwepesi na mchachu, halafu wanaanza kutafuta viungo vya pakiti vya kuuokoa. Kilichokosekana ni dakika tano za kusubiri.

Ukishafika hapo, chakula cha kwanza ni mayai. Vunja matatu kwenye bakuli, yapige na chumvi kidogo, yamimine juu ya rosti, yaache yaanze kushikana, kisha yageuze taratibu mpaka pasiwe na majimaji ya ubichi. Kula na mkate, na chapati za kununua, au na wali. Sijui chakula kingine cha haraka kinachomtia moyo anayejifunza kama hiki.

Mchicha unataka uangalifu wa namna nyingine. Uchambue, uoshe kwa maji mengi mara mbili tatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni, ndipo uukate. Ukiukata kwanza ukaosha baadaye, unamwaga sehemu ya faida yake pamoja na maji. Utaona rundo kubwa linajaa sufuria nzima, na mkono utatamani kuongeza chumvi. Usiongeze bado. Mchicha hunywea, na baada ya dakika chache rundo lile linakuwa konzi mbili tu. Chumvi iliyotosha rundo itakuwa kali mno. Ugeuze ndani ya rosti dakika nne au tano, uonje, ndipo utie chumvi. Ukiwa na tui la nazi au karanga zilizosagwa, tia vijiko viwili vitatu mwishoni. Matembele na kabichi yanakwenda njia hiyohiyo, na kwa wasikilizaji wetu wa Kenya, sukuma wiki vilevile. Lakini kisamvu kiache mpaka siku yenye nafasi. Majani ya muhogo yana kemikali za asili zinazozalisha sianidi, ndiyo maana wazee wetu waliyatwanga na kuyachemsha kwa muda mrefu. Hiyo si kazi ya kukimbizana nayo usiku wa Jumanne.

Dagaa nawapenda kwa ajili ya mtu asiye na friji, kwa sababu waliokaushwa wanakaa kwenye kopo wiki nzima na zaidi. Dagaa wa Mwanza, kutoka Ziwa Victoria, ni wadogo na bei yao ni nafuu. Wa Kigoma, kutoka Ziwa Tanganyika, wana sifa kubwa na bei yao iko juu. Kwa kujifunzia, wa Mwanza wanatosha. Wengi huanikwa chini, kwa hiyo wana mchanga. Toa vichwa, wamiminie maji ya moto, wasugue kwa mikono, mwaga, rudia mpaka maji yawe safi. Wakaushe, kisha wakaange kwa mafuta kidogo mpaka uwasikie wanakwaruza sufuria. Changanya na rosti, kamulia ndimu, weka pilipili kama unaiweza. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, kwa hiyo hapo umepata protini na madini ya chokaa kwa fedha kidogo kuliko nyama. Nasikitika tunapowaita chakula cha shida.

Kuhusu maharage, nitasema wazi kwamba usiku wa siku ya kazi nachagua choroko. Loweka choroko asubuhi unapotoka kwenda kazini. Ukirudi, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya, na baada ya dakika ishirini na tano hivi zimeiva. Unga na rosti, tia tui, koroga mpaka lichemke ili lisikatike. Maharage huchukua saa nzima au zaidi hata yakiwa yamelowekwa, na gesi unaijua bei yake. Siku ukiyapika, yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo bila kukosa, hasa yale mekundu. Maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali, na moto wa kufukizia hautoshi kuiondoa. Na nyanya ziingie baada ya maharage kulainika, kwa sababu uchachu wake huyafanya yabaki magumu hata uyachemshe mpaka usiku wa manane.

Sasa niseme jambo la moto, maana halisemwi vya kutosha. Maarifa mengi ya jikoni tuliyorithi ni ya kuni na mkaa. Mama anapokwambia uache wali ukauke taratibu, anaona jiko la mkaa: amepunguza makaa chini, amepalia juu ya mfuniko, na wali unapata joto juu na chini. Wewe umesimama mbele ya gesi. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote, kwa ajili ya misitu na kwa ajili ya vifua vya mama zetu. Lakini pamoja na mitungi, tunahitaji kufundishana upya kupika juu ya moto huu. Gesi hupiga kwa nguvu sehemu moja ya kitako cha sufuria nyembamba. Ndiyo maana wali wako unaungua chini na juu bado una kiini.

Fanya hivi. Robo kilo ya mchele inawatosha watu wawili wenye njaa. Uchague, uoshe, na kwa kila kikombe cha mchele weka kikombe kimoja na nusu cha maji kwa kuanzia. Mchele mpya unataka maji machache, wa zamani unataka zaidi, na utaujua mchele wa duka lako baada ya mara chache. Maji yachemke na chumvi na mafuta kidogo, tia mchele, na maji yakishaanza kupotea juu, shusha moto mpaka mwisho wake wa chini. Weka chuma cha chapati kati ya moto na sufuria ili joto lisambae, na funika kwa mfuniko unaobana. Dakika kumi na tano, bila kufunua funua. Wapo wanaofunika wali kwa mfuko wa plastiki ili mvuke usitoke. Tafadhali acha. Mfuko ule haukutengenezwa kwa joto la sufuria, na chakula kinagusana nao.

Na kabla sijasahau: washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Ukiingia ndani ukasikia harufu yake, usiwashe kitu chochote, hata taa. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni, kwa hiyo mlango uliofunguliwa wazi unasaidia sana kuitoa.

Ugali ni somo la mkono, na redio haiwezi kukushika mkono, lakini nitakupa la muhimu. Chemsha nusu lita ya maji. Koroga unga kidogo kwa maji baridi, umimine, ufanye uji mwepesi, na uuache uji huo uchemke sawasawa dakika tatu nne. Wanaopata ugali wenye mabonge na ladha ya unga mbichi huwa wameruka uji. Kisha ongeza unga kwa mafungu huku unasonga, ukiukandamiza kwenye ukingo wa sufuria. Ukiona unaachia sufuria na harufu ya unga mbichi imekwisha, umeiva. Robo kilo ya unga, ukiongeza kidogo kidogo mpaka upate ugumu unaoupenda, inatosha kwa kuanzia.

Mwenye jiko moja lazima apange zamu. Ukila wali, pika wali kwanza, uufunike vizuri, halafu rosti. Wali unashika joto. Ukila ugali, pika mboga kwanza na ugali mwisho, maana ugali uliopoa hauna raha. Tambi ndizo zinazokuondolea hesabu hii yote: rosti ikiiva, mimina maji kiasi cha kuzifunika tambi zilizovunjwa, chumvi, funika, na kwa dakika kumi hivi zimenyonya mchuzi. Sufuria moja, na vyombo vichache vya kuosha.

Pika kinachotosha usiku huo. Najua kiporo cha wali kina wapenzi wake, na mwenye friji aliyekiweka humo mapema atakifaidi. Lakini kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, wali uliolala mezani ni hatari. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi wali unapoiva. Wali ukikaa kwenye joto wanazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto. Wanaoshughulika na usalama wa chakula husema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Usipime kwa harufu, kwa sababu wali huo unaweza usinuke chochote.

Niwageukie wazazi, na hasa wazazi wenye watoto wa kiume. Baba niliyemtaja mwanzoni hakukosa akili ya kupika. Alifukuzwa jikoni akiwa mtoto, akaambiwa hapo si mahali pake, akatii. Leo amekaa na mgonjwa ndani, na hajui kumpikia uji. Tusiwafanyie wanetu hivyo. Mtoto wa miaka kumi, wa kike au wa kiume, anaweza kuchambua mchicha na kukwaruza nyanya akiwa pembeni yako. Mwenye miaka kumi na tatu anaweza kusimamia rosti huku wewe unatazama. Mwache aonje, mwache akwambie chumvi imetosha au bado. Na ikiharibika, mle pamoja bila kumcheka.

Wewe unayeanza, wiki hii usitafute mambo mengi. Pika mayai ya rosti siku mbili, mchicha siku mbili, dagaa siku moja. Tazama mafuta yanapojitenga, kila mara, mpaka uweze kuijua hatua hiyo kwa sauti tu. Juma lijalo, panapo majaaliwa, tutazungumzia samaki wabichi: namna ya kuwachagua, kuwaparua na kuwapika siku hiyohiyo. Mpaka hapo, nakutakia chakula chema na usiku mwema.